Kasaa, kisaa na kifundo cha mkono: tupime kabla ya kuagiza

Kamati ya mahafali ya promosheni yetu imekwisha kukusanya sehemu kubwa ya michango, na mwaka huu imeamua kwamba kila mhitimu atapewa saa ya mkono. Uamuzi huo nauunga mkono kabisa. Nisichokiunga mkono ni karatasi iliyobandikwa mlangoni pa chumba chetu cha masomo. Ina safu mbili tu: «Saa za kiume, milimita 44» na «Saa za kike, milimita 28». Chini ya kila safu yako majina yetu, wavulana huku, wasichana huku, na hakuna aliyeulizwa lolote kuhusu mkono wake.

Najua wapo watakaosema hili si jambo la kuandikiwa makala katika jarida la kitivo cha lugha. Andika juu ya fonolojia, wataniambia, saa waachie wauza saa. Lakini nimeitazama ile karatasi mara kadhaa, na kila ninavyoitazama naona kosa lake ni letu sisi watu wa lugha kuliko la muuzaji. Neno limechukua nafasi ya rula. Mtu akishasema «ya kiume» au «ya kike» anadhani amekwisha kutaja kipimo, kumbe ametaja jinsia, na jinsia haina milimita.

Nianze na hesabu, maana ndiyo iliyonikasirisha. Kati ya 28 na 44 tunaona tofauti ya milimita 16, yaani upana wa kidole. Lakini jicho halisomi kipenyo, linasoma uso mzima, na eneo la uso wa duara huongezeka kwa mraba wa kipenyo. Gawanya 44 kwa 28, kisha zidisha jibu kwa lenyewe: unapata karibu 2.5. Maana yake, uso wa saa atakayopewa mvulana ni mkubwa mara mbili na nusu kuliko ule wa msichana aliyetoa mchango uleule. Hata hatua inayoonekana ndogo, kutoka 36 hadi 44, huongeza uso kwa karibu nusu nzima. Ndiyo maana mtu hununua saa «iliyozidi kidogo tu», akifika nyumbani anakuta amevaa kisahani.

Sasa mkono wenyewe. Mimi ni msichana wa Katoyi, na nimebeba bidoni za maji za lita 20 tangu nikiwa shule ya msingi. Mzingo wa kifundo changu cha mkono ni sentimita 17. Mdogo wangu wa kiume, ambaye amenipita kimo kwa mbali na hupenda kunikumbusha jambo hilo, ana sentimita 15 na nusu. Kwa karatasi ya kamati, yeye angekuwa mtu wa 44 na mimi mtu wa 28. Kwenye saa kama hiyo ya 44, urefu kutoka pembe za juu hadi pembe za chini, pale ukanda unaposhikiza, mara nyingi hufika milimita 50 au 52. Sehemu bapa ya mkono wake, juu ya kifundo, ni milimita 48. Saa ingening'inia pande zote mbili kama mbao iliyozidi chukudu. Kwangu mimi bapa ni milimita 54, na kasaa kale ka 28 kangekaa katikati kama kitufe kilichodondoka.

Nimeandika «kasaa kale» kwa makusudi, na hapa niruhusiwe kurudi kwenye somo letu.

Kiswahili sanifu hupunguza nomino kwa kuihamishia ngeli ya KI-VI: mtoto anakuwa kitoto, mlima unakuwa kilima. Kwa kukuza, kinatumia JI-MA: mtu anakuwa jitu. Sisi wa Goma tumebaki na KA-TU, hai kabisa, na majirani wa Kiswahili chetu wanaisaidia isife, kwa sababu Kinyarwanda kinasema aka- na utu-, na Kinande nacho kina jozi yake ya namna hiyohiyo. Kwa hiyo mtoto kwetu ni kamtoto, na saa ndogo ni kasaa. Na kwa kuwa ka- imeshika kazi ya udogo, ki- imebaki huru kufanya kazi nyingine. Mtu wa pwani akisema «kisaa» anakusudia saa ndogo. Ukisema «kisaa» kwenye uwanja wetu pale Katoyi, wasikilizaji wanapata picha ya saa kubwa, nzito, pengine mbaya kidogo. Neno moja, saa mbili zinazopingana. Asistenti mmoja aliwahi kutuonya darasani kwamba mofimu za kupunguza na kukuza hazipimi tu, zinahukumu pia, na sioni mfano mzuri zaidi wa onyo hilo kuliko huu.

Maana ka- haiishii kwenye udogo. Sikiliza mtu anavyosema «kasaa kazuri haka»: kuna upendo ndani yake. Msikilize tena mwingine akisema «we, kasaa gani haka?» na hapo kuna dharau tupu. Mvulana wa miaka 20 anayenunua saa pale Birere hasikii ile ka- ya kwanza. Anasikia ya pili. Anajua kwamba akivaa saa ya milimita 36, hata kama inaukaa mkono wake vizuri, mwenzake mmoja atasema «kasaa», na kicheko kitafuata. Basi anachukua 44, au 46, asiitwe mwenye kasaa. Msichana naye anasukumwa kinyume: kwake ka- ni sifa, na akigusa saa yenye uso mpana anarudishwa mahali pake. Mimi nimeambiwa kwa upole, na muuzaji aliyedhani ananisaidia: «Dada, ile ni ya wanaume. Ya wamama iko huku.» Huku kulikuwa na visanduku vya saa zenye vijiwe vinavyometameta na zisizo na hata tarakimu moja.

Tena tuna neno jingine la saa mjini kwetu, tulilochukua kwa Wafaransa: montre. Wanaolitumia hawafikirii asili yake, na hawana haja. Lakini sisi tunaosomea maneno tunajua kwamba linatoka kwenye kitenzi cha kuonyesha. Saa ni kitu kinachoonyesha wakati. Neno «saa» lenyewe tulilipata kwa Kiarabu, na kama huko lilikotoka, linataja muda na chombo kwa pamoja. Kinyarwanda kimelichukua na kulifanya isaha, kwa kazi zote mbili vilevile. Sidai kwamba mtu hununua saa kubwa kwa sababu ya etimolojia ya Kifaransa. Huo ungekuwa utani wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nasema tu kwamba wengi wetu tumehama kutoka chombo kinachotuonyesha wakati hadi chombo kinachotuonyesha sisi. Na kitu cha kuonyesha watu kinahitaji ukubwa ambao kitu cha kusoma wakati hakiuhitaji.

Mnara wa saa wa Beit al-Ajaib kule Unguja ulihitaji uso mkubwa kwa sababu ulisomwa na watu walio mbali, hata waliokuwa bandarini. Saa ya mkono husomwa na mtu mmoja, kwa umbali wa kiwiko kilichokunjwa.

Hapo nimetumia «kiwiko», na najua baadhi ya wasomaji wameshtuka. Kwa wengine kiwiko ni pale mkono unapokunjwa katikati, na mimi nimekitumia hivyo. Kwa wengine kiwiko cha mkono ni hapa karibu na kiganja, na pale katikati wanapaita kisugudi. Kamusi zina na neno kilimbili kwa kiungo cha kiganja, ambalo sijawahi kulisikia kinywani mwa mtu wa Katoyi. Mimi nasema kifundo cha mkono ili tusigombane. Lakini ona ajabu: tunavaa saa mahali ambapo hatujakubaliana jina lake, halafu tunaiita «saa ya mkono», na mkono kwa Kiswahili unaanzia begani unaishia kwenye vidole. Lugha haijatulazimisha kamwe kutazama zile sentimita chache ambazo saa hukaa. Labda ndiyo sababu hatuzipimi.

Na si kwamba hatukuwa na desturi ya kupima kwa mwili. Watu wa pwani walipima kitambaa kwa mwili wao wenyewe: wanda ni upana wa kidole, shubiri ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, dhiraa ni kutoka kisugudi hadi ncha za vidole, pima ni mikono miwili ikinyooshwa. Merikani iliyobebwa na misafara kuja bara ilihesabiwa hivyo. Ubaya wa vipimo hivyo unajulikana: mkono wa muuzaji na wa mnunuzi hailingani, na kila mmoja angependa kutumia ule unaomfaa. Lakini kwa saa, ubaya huo unageuka kuwa uzuri. Hapa ndipo mahali pekee ambapo ninataka kipimo changu kitegemee mwili wangu na si wa mtu mwingine. Kamati imefanya kinyume. Imechukua namba kutoka kwenye sanduku la muuzaji ikatupimia sisi.

Basi upimaji wenyewe ukoje? Ni rahisi kiasi cha kutia aibu. Chukua karatasi ya kawaida, ile tunayochapishia kazi za vitendo. Upana wake ni milimita 210, hivyo ukikata ukanda mwembamba kwa upana huo una utepe unaotosha mkono wa karibu kila mtu. Uzungushe pale unapopenda saa ikae, nyuma kidogo ya ule mfupa unaochomoza upande wa kidole cha mwisho, utie alama panapokutana, kisha upime kwa rula. Huo ndio mzingo. Ukiwa karibu sentimita 15 au chini ya hapo, mkono wako ni mwembamba. Kati ya 16 na 17 na nusu ndipo walipo watu wengi. Ukifika 18 na kuendelea una nafasi ya kuchezea.

Lakini mzingo peke yake hautoshi, na hapa ndipo hata wauzaji waangalifu wanapokosea. Mikono miwili yenye mzingo uleule inaweza kuwa na maumbo tofauti, mmoja bapa kama sabuni, mwingine mviringo kama chupa. Kinachobeba saa ni ule ubapa wa juu. Weka rula juu ya mkono, soma upana wake kutoka ukingo hadi ukingo, na usikubali saa ambayo urefu wake kutoka pembe hadi pembe unazidi upana huo. Sheria yote ni hiyo. Kipenyo ambacho wauzaji hukitangaza, «quarante-deux», «quarante-quatre», kinakuja baada yake. Nimeona saa mbili za milimita 40: moja ina pembe fupi zilizoinama, inamkaa mtu mwembamba vizuri, na nyingine ina pembe ndefu zilizonyooka, inamning'inia. Fundi mmoja anayetengeneza saa karibu na kwetu haiti sehemu hizo pembe kama Wafaransa, anaziita masikio, na nakiri masikio ni neno zuri zaidi, kwa sababu ndipo ukanda unaponing'inia kama hereni. Ningependa tulichukue.

Umbo nalo linadanganya. Saa ya mraba yenye upande wa 36 ina uso mkubwa kuliko ya duara yenye kipenyo cha 36, kwa zaidi ya robo. Uso mweupe usio na ukingo mpana huonekana mkubwa kuliko mweusi wenye ukingo mnene, hata namba zikilingana. Unene pia: saa ya milimita 13 au 14 haiingii chini ya mkono wa shati, itakwama kwenye kifungo na kukufanya uonekane unagombana na nguo yako mbele ya jopo siku ya kutetea tasnifu. Milimita 8 hadi 11 zinatosha. Ukanda ukishafungwa, kidole kimoja kipite chini yake bila kubanwa. Wanda moja, wangesema wazee wa pwani. Ukanda wa chuma fundi ataupunguza kwa kutoa pingili, na ule wa ngozi mshona viatu yeyote ataongeza tundu. Lakini hakuna fundi atakayepunguza saa yenyewe.

Kwa watu wa mji wetu kuna jambo jingine ambalo vitabu vya fasheni haviliwazi. Saa kubwa ina kile kitufe cha kutilia ufunguo, upande wa kulia, na kwa mkono mwembamba kitufe hicho huishia juu ya kiganja badala ya juu ya kifundo. Ukiinua bidoni, ukisukuma chukudu, ukishika usukani wa pikipiki, mkono unakunjwa kwa nyuma na kitufe kinachimba. Asubuhi moja tu ya foleni ya maji inatosha kukuachia alama nyekundu. Halafu kuna kuta zetu. Nyumba nyingi za Goma zimezungushiwa mawe ya lava, na jiwe la lava halina huruma na kioo. Kadiri saa inavyochomoza nje ya mkono ndivyo inavyoyagusa. Sitaji sana habari ya usiku, kila anayeishi Karisimbi anaijua. Niseme tu kwamba saa inayoonekana kutoka upande wa pili wa barabara inaonekana na kila mtu aliye upande wa pili wa barabara.

Sasa niseme juu ya neno «kiume», kwa sababu naona ndilo litakalotetewa zaidi. Wenzangu wanazungumza kana kwamba milimita 44 ni sehemu ya maumbile ya mwanaume. Historia haisemi hivyo. Saa ya mkono ilianza kama pambo la wanawake. Mwaka 1868 kampuni ya Patek Philippe ilimtengenezea mwanamke wa tabaka la juu kutoka Hungaria, na kwa miaka mingi baadaye mwanaume wa heshima alibeba yake mfukoni na kuiona ya mkononi kuwa mchezo wa kike. Vita vya 1914 hadi 1918 ndivyo vilivyobadilisha mambo, kwa sababu askari aliye kwenye handaki hawezi kupekua mfukoni kutafuta saa. Na zilipokuwa za wanaume hazikuwa kubwa. Rolex Datejust, iliyotoka mwaka 1945 na ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiita kasaa, ilikuwa na milimita 36. Marehemu babu yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpana, mwenye sauti ya kuita wanafunzi kutoka upande wa pili wa kijiji. Saa yake tunayo nyumbani. Nimeipima: milimita 34, masikio hadi masikio 41. Kwa karatasi ya kamati, mzee yule angeandikwa karibu na safu ya wasichana.

Kwa upande mwingine wa ngazi ya bei, iko Casio F-91W, ile ya plastiki nyeusi inayoonekana kila mahali tangu mwaka 1989. Upana wake ni milimita 35 hivi, uzito gramu 21. Mwanafunzi anaivaa, mwalimu anaivaa, mama muuza samaki anaivaa, na sijawahi kusikia mtu akiuliza kama ni ya kiume au ya kike. Sisemi kamati inunue hizo, ingawa tungebaki na pesa za soda. Naitaja kwa sababu inaonyesha kwamba watu wakiachiwa saa isiyo na jina la jinsia, wanaivaa tu.

Kuna hoja moja iliyonifikia ambayo naiheshimu. Mwenzangu mmoja alisema kwamba macho ya watu hayalingani, na mwenye macho dhaifu anahitaji uso mkubwa hata kama mkono wake ni mwembamba. Ni kweli. Lakini tazama kinachosomeka kwenye saa: ni tarakimu na mishale, si chuma kinachoizunguka. Zipo saa za milimita 44 zilizojaa visaa vingine vitatu ndani, mizani na vialama, hata hujui mshale wa dakika ni upi. Na ipo ya 36 yenye tarakimu 12 nyeusi juu ya uso mweupe inayosomeka kwenye giza la jioni ya mvua. Mwenye macho dhaifu aombe tarakimu kubwa. Hilo pia linaingia kwenye orodha kwa urahisi: safu moja ya ziada.

Na hapa ndipo suala linapoacha kuwa la urembo. Mitihani ya mwisho bado haijaisha. Simu zinaachwa mlangoni, kama inavyopaswa, na ukutani mwa ukumbi wetu hakuna saa inayotembea. Anayejua dakika zilizobaki ni msimamizi na yule mwenye saa mkononi. Kamati imeahidi kugawa zile saa kabla ya kipindi cha pili ili zitusaidie, na nashukuru kwa wazo hilo. Lakini saa za kike zilizochaguliwa, nimeziona kwenye picha, hazina tarakimu. Zina vijiwe vinne na mishale miwili myembamba ya rangi ya dhahabu juu ya uso wa rangi ya dhahabu. Msichana atakayetaka kujua kama zimebaki dakika 10 au 20 itabidi ageuze mkono kutafuta mwanga. Mvulana ataona kwa kutupia jicho. Wote wametoa dola zilezile.

Najua kamati haikukusudia hayo. Watu wanne waliojitolea kukimbizana na madeni ya michango wanastahili asante, si lawama, na muuzaji naye aliwapa alichozoea kuuza: dazeni za hizi, dazeni za zile. Mtu mmoja wa kamati aliniambia kwamba kumwuliza kila mhitimu kipimo chake ni kuchelewesha mambo. Nimejaribu mwenyewe: kukata ukanda wa karatasi, kuuzungusha, kutia alama na kusoma rula, kwa mtu mmoja, hakumalizi dakika moja. Muuzaji huyohuyo anazo saa za 32, 36, 38 na 40 kwenye meza ileile, na tofauti ya bei kati yake inatokana na ukanda kuliko ukubwa. Nimemwuliza.

Kwa hiyo naomba hivi. Ile karatasi ya mlangoni iondolewe, ibandikwe nyingine yenye safu nne: jina, mzingo wa kifundo, upana wa bapa, na kama mtu anataka tarakimu au la. Safu ya jinsia isiwepo. Mvulana anayetaka 44 na mkono wake unaibeba, apewe 44 bila maneno. Anayetaka 44 na mkono wake hauibebi, aambiwe kwa upole, kama nilivyoambiwa mimi pale Birere, ila safari hii kwa rula. Oda inapelekwa kwa muuzaji Ijumaa. Nitakuwa kwenye benchi la nje ya maktaba Jumatano na Alhamisi baada ya somo la saa nne, nikiwa na mkasi, rula na mabaki ya karatasi, na asistenti wetu wa isimujamii ameahidi kuwa mtu wa kwanza kupimwa.